Dakika 42 za watu sita

Ngoja niseme moja kwa moja, mawe mtanipiga baadaye. Katika albamu zote za diski mbili za progresivu metali nilizowahi kusikiliza, ni moja tu ambayo ukinipa mkasi nikate ibaki diski moja, nitagoma. Nayo ni "Six Degrees of Inner Turbulence" ya Dream Theater, iliyotoka tarehe 29 Januari 2002. Nyingine zote leteni mkasi, na zingine leteni panga kabisa.

Kwa wale ambao muziki huu ni mgeni kwao, na najua ni wengi maana hapa kwetu ukitaja roki mtu anakuuliza kama umeokoka, nieleze kidogo. Progresivu metali ni ndoa ya magitaa mazito yanayonguruma na ule muziki wa miaka ya 1970 wa kina Yes, Genesis na King Crimson, ambao wimbo mmoja ulikuwa unajaza upande mzima wa santuri. Mapigo yanabadilika kila mara. Ukijaribu kupiga makofi kuufuata wimbo utaachwa njiani kama abiria wa daladala aliyeshuka kumpisha mwenzake. Dream Theater walianza mwaka 1985 kule Boston, Marekani, vijana watatu waliokuwa wanasoma muziki Berklee: John Petrucci kwenye gitaa, John Myung kwenye besi, na Mike Portnoy kwenye drams. Mwimbaji James LaBrie akaja mwaka 1991, na mpiga kinanda Jordan Rudess mwaka 1999.

Sifa yao kubwa ni kwamba wanajua kupiga. Sifa yao mbaya ni hiyo hiyo. Kuna watu wenye akili zao timamu wanaosema bendi hii ni mashindano ya vidole, kwamba Petrucci na Rudess wanakimbizana juu chini kama watoto kwenye ngazi huku wimbo wenyewe umesahaulika jikoni unaungua. Siwezi kuwabishia sana. Ndiyo maana albamu ya diski mbili kutoka kwa watu wa namna hii ni jambo la kutia hofu. Mtu mwenye maneno mengi akipewa kipaza sauti unaangalia saa. Akipewa vipaza sauti viwili unatafuta mlango.

Sasa kuna historia hapa ambayo lazima niiseme. Mwaka 1997 walipokuwa wanatengeneza "Falling Into Infinity" walikuwa na nyimbo za kutosha diski mbili, na Portnoy alitaka zitoke zote. Kampuni ya rekodi ikakataa. Si hivyo tu, ikataka nyimbo fupi za kuchezwa redioni, mpaka akaletwa Desmond Child, mtunzi aliyewaandikia kina Bon Jovi na Aerosmith, kusaidia kuuandika upya wimbo mmoja. Portnoy karibu aache bendi. Albamu yenyewe haikuvunja rekodi yoyote, kwa hiyo ule ushauri wote wa wataalamu wa soko haukusaidia kitu. Mwaka 1999 walifanya yao bila kusimamiwa, wakatoa "Scenes from a Memory", hadithi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mashabiki wengi mpaka leo wanaiita kazi yao bora. Kwa hiyo walipoingia studio mwaka 2001 hakukuwa na wa kuwaambia kata. Diski mbili, kampuni ikasaini.

Mahesabu yenyewe ni haya: diski ya kwanza ina nyimbo tano, jumla kama dakika 54. Diski ya pili ina wimbo mmoja. Narudia, mmoja, wa dakika 42, uliogawanywa vipande vinane ili angalau ukitaka kuruka uruke. Jumla dakika 96 hivi, na CD ya kawaida inabeba kati ya 74 na 80. Kwa hiyo hawakuwa na ujanja, ama diski mbili ama kitu kikatwe.

Nianze na diski ya kwanza, nipite haraka isipokuwa mahali pamoja. "Blind Faith" ni LaBrie anahojiana na imani. "Misunderstood" inajulikana zaidi kwa kituko cha Petrucci: alirekodi solo, akaigeuza isikike kinyumenyume, akajifunza kuipiga hivyo hivyo ilivyo kinyume, akairekodi tena kisha akaigeuza tena. Kazi yote hiyo, na matokeo yake ni kama redio inayotafuta stesheni. Haya, nampa alama za juhudi. "Disappear" ni wimbo wa msiba, wa mtu anayempoteza mwenzi wake, mpole na mzuri kuliko unavyosemwa. "The Great Debate" inazungumzia ule ubishi wa seli shina uliokuwa umepamba moto Marekani mwaka 2001, wakati Rais George W. Bush alipowekea mipaka fedha za serikali kwa utafiti huo. Wameweka sauti za pande zote mbili na hawakuchagua upande, jambo ambalo siku hizi lingeonekana ni woga. Wimbo huo awali uliitwa "Conflict at Ground Zero", wakaubadilisha jina baada ya mashambulizi ya Septemba 11. Bendi hii ilikuwa na mkosi wa pekee siku ile: albamu yao ya onyesho la moja kwa moja ilitoka tarehe hiyo hiyo, Septemba 11, 2001, ikiwa na picha ya majengo ya New York yanawaka moto kwenye jalada. Ikabidi irudishwe kutoka madukani.

Mahali ninapotaka kusimama ni wimbo wa kwanza, "The Glass Prison". Portnoy alikuwa mlevi. Siyo mlevi wa kuchekesha kwenye harusi, mlevi wa kweli. Aliacha mwaka 2000, na wimbo huu wa karibu dakika 14 ni hatua tatu za kwanza kati ya zile hatua 12 za Alcoholics Anonymous. Zilizobaki alizisambaza kwenye albamu nne zilizofuata, mpaka mwaka 2009 ndipo akamaliza. Fikiria, mtu anachukua miaka saba kuimaliza hadithi moja kwa sababu kuacha pombe kwenyewe hakuishi kwa wimbo mmoja. Na sauti yake inafanana na jambo lenyewe. Gitaa halikupi nafasi ya kupumua, maneno yanatemwa, na unapodhani umefika mwisho unakuta bado. Wanaosema ni kelele tupu hawajawahi kuishi nyumba moja na mlevi.

Haya, diski ya pili.

Rudess aliandika kipande cha ala tupu, kama vile utangulizi wa opera, na bendi ikaanza kuchukua sauti ndogo ndogo zilizomo na kuzikuza, kila moja ikawa wimbo. Kipande hicho ndicho "Overture" kinachofungua. Kisha wanakuja watu sita, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na alichonacho kichwani. Msichana mwenye baipola. Askari aliyerudi kutoka vita vya Vietnam, mwili umefika nyumbani na akili imebaki kule. Kijana mwenye skizofrenia. Mama aliyepata sonona baada ya kujifungua. Mtu mwenye usonji. Mwanamke mwenye nafsi zaidi ya moja, ambaye vipande vizima vya maisha yake havikumbuki.

Mnaona hatari iliyokuwepo. Wanamuziki watano wanaojulikana kwa kujionyesha wanachukua wagonjwa sita na kuwafanya sarakasi. Metali ina historia ndefu ya kufanya hivyo, wazimu kwao ni pambo kama fuvu na msalaba uliopinduliwa. Ninachosema mimi ni kwamba hawa hawakufanya hivyo, na urefu wa wimbo ndio uliowaokoa.

Chukua yule msichana. "About to Crash" inamhadithia kutoka nje: yeye anafanya hivi, yeye hatulii, yeye hajawahi kujisikia vizuri hivi, mpaka siku anaanguka hawezi kutoka kitandani. Muziki una furaha ya ajabu, piano na gitaa vinacheka, na usipofuata maneno utadhani ni wimbo wa mapenzi. Halafu unaisha, anaondoka. Wanapita wengine wanne. Karibu dakika 19 zinapita, umeshamsahau. Ndipo melodi yake inarudi, na safari hii anasema mwenyewe: mimi. Yuko juu tena, giza liko nyuma, hakuna kitakachomshinda. Na wewe msikilizaji, kwa kuwa ulikuwepo mara ya kwanza, unajua kinachokuja. Yeye hajui, au anajua na hataki kujua. Hicho ndicho baipola ilivyo, inarudi. Huwezi kukionyesha kitu kinachorudi bila kwanza kukiacha kiondoke, na kukiacha kiondoke kunahitaji muda. Kwenye wimbo wa dakika nne ingebidi uambiwe kwamba ugonjwa huu unarudi. Hapa unakurudia mwenyewe.

Yule kijana wa skizofrenia naye. "The Test That Stumped Them All" inaanza kama mtu aliye jukwaani, taa zinamulika, umati unangoja, na muziki unakimbia kasi kuliko kitu chochote kwenye diski hiyo. Unadhani ni bendi inajisifu kama kawaida yake. Kumbe jukwaa liko kichwani mwa mgonjwa, na ghafla zinaingia sauti za madaktari wanamjadili juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Yaani ile tabia yao mbaya, kujionyesha, hapa wameifanya kuwa dalili ya ugonjwa. Sijui kama walikusudia. Nafikiri walikusudia.

Na "Goodnight Kiss". Huu ndio ninaousikiliza kwa kuchagua siku. Mama anambembeleza mtoto alale, wimbo mlaini kabisa, na polepole unaelewa kwamba mtoto hayupo, amechukuliwa, na mama anataka arudishwe. Hapo katikati solo ya Petrucci inaingia, noti chache, zilizovutwa, kutoka kwa mtu ambaye angeweza kumwaga noti mia mbili. Kisha wimbo unakuwa mgumu kama ngumi.

Nina rafiki yangu, tumesoma wote, alijifungua miaka michache iliyopita na wiki zile za kwanza hakutaka hata kumshika mtoto. Alikuwa analia bila sababu, halafu analia kwa sababu analia bila sababu. Nyumbani shangazi mmoja alisema anadeka. Mwingine akasema kuna mtu amemwonea kijicho, aitwe mtu wa kumsomea. Mama yake mzazi, ambaye alimpenda kuliko wote, alisema sisi tulizaa saba na hatukuwa na hayo. Hakuna hata mmoja aliyesema anaumwa. Ilichukua miezi mpaka muuguzi wa kliniki ya watoto, aliyempeleka mtoto chanjo tu, akamwangalia usoni akamuuliza, na wewe mama, unalalaje?

Nayasema haya kwa sababu maneno tuliyo nayo kwa watu hawa ni machache na mabaya. Kichaa, chizi, mwehu, punguani. Mtu akibishana na wewe Dar anakuambia peleka Mirembe huyo, Mkenya atakutajia Mathari, na wote tunacheka. Hospitali imekuwa tusi. Watu sita tofauti kabisa, wenye mateso sita tofauti kabisa, kwetu wanaitwa jina moja. Na hapa kuna wanamuziki watano wenye nywele ndefu (haya, Rudess hana) waliotumia dakika 42 kusema hapana, huyu si yule, kila mmoja apewe wimbo wake, mapigo yake, hata aina yake ya gitaa. Askari anapigwa na metali nzito, mtu wa usonji ana gitaa la kawaida lisilo na umeme na melodi ya kutembea jioni. Sisemi tukajifunze utu kwa Dream Theater. Nasema tu kwamba kwa kazi kama hiyo, dakika 42 si nyingi. Ni foleni moja ya jioni kutoka Posta kwenda Mbagala.

Kasoro zipo, tena si ndogo. Yule askari wa Vietnam amepewa dakika mbili na sekunde chache. Dakika mbili! Utangulizi wa ala tupu umepewa karibu saba. Kama kuna mahali nafasi ilitumika vibaya ni hapo, maana "War Inside My Head" inaanza tu kukushika na tayari imekwisha, unabaki na mabomu masikioni bila kumjua mtu. Kuna anayenitetea kwamba ndivyo kiwewe kilivyo, kinakuja na kuondoka kama radi. Utetezi mzuri, lakini nadhani waliishiwa. Na kumweka mtu wa usonji kwenye foleni ya wagonjwa ni jambo ambalo leo halikai vizuri. Usonji si ugonjwa wa akili, ni namna ubongo ulivyojengwa, na "Solitary Shell" inamwangalia kutoka nje mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayechungulia dirishani kwa huruma. Huruma yenyewe ni ya kweli, wimbo ni mtamu, lakini yeye mwenyewe hajaulizwa. Mwaka 2002 wengi walifikiri hivyo. Albamu ina umri wake, tuiache iwe nao.

Sasa nije kwenye ushahidi wangu mkuu, ambao bendi yenyewe imenipa bure. Tarehe 29 Januari 2016, miaka 14 kamili baadaye, siku ile ile ya kalenda, Dream Theater walitoa albamu nyingine ya diski mbili, "The Astonishing". Portnoy alikuwa ameshaondoka mwaka 2010, na Mike Mangini ndiye aliyekuwa kwenye drams. Vipande 34, dakika 130, okestra na kwaya zilizopangwa na David Campbell. Hadithi ya mwaka 2285, kuna himaya, kuna mfalme katili, kuna kijana Gabriel mwenye kipaji cha kuimba, kuna binti mfalme, na wanapendana. Muziki wa binadamu umetoweka, mashine zinazoruka ndizo zinazotoa sauti. Kwenye ziara waliipiga yote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Kuna jambo moja la kuisifu. Zile mashine za kutunga muziki ambazo mwaka 2016 watu walizicheka, leo unaandika sentensi moja kwenye simu na programu inakutungia wimbo mzima na sauti ya mwimbaji ambaye hajazaliwa. Petrucci aliliona hilo, apewe haki yake. Lakini fungua diski zenyewe usikilize. LaBrie anaimba wahusika wote peke yake, mfalme, binti, mwana, mama, na bila kitabu mkononi hujui nani anasema na nani. Kila baada ya dakika tatu kuna kilele. Wanapendana kwa kishindo, wanaagana kwa kishindo, kwaya inapanda, violini vinapanda, na kufikia kipande cha kumi na tano umeshazoea vilele kama mtu wa Moshi alivyouzoea mlima. Hakuna kinachoondoka kwa muda wa kutosha ili kurudi kwake kukuume. Kubwa kuliko ile ya 2002 kwa zaidi ya nusu saa, na hakuna hata mhusika mmoja ninayemfahamu kama ninavyomfahamu yule mama wa dakika sita.

Mashabiki wa bendi hii watanijia juu kwamba nalinganisha tamthilia na wimbo. Sawa. Wengine watasema shida ni Portnoy kutokuwepo. Hilo siliamini sana, ingawa ni kweli kwamba aliandika zile nyimbo za askari, kijana na mama, yaani yeye aliyekuwa ametoka kwenye chupa muda si mrefu kabla ndiye aliyeweza kusema kwa nafsi ya kwanza. Alirudi kwenye bendi mwaka 2023, na Februari 2025 wakatoa "Parasomnia", diski moja, dakika 71 hivi, inayohusu matatizo ya usingizi. Ni nzuri. Imetulia. Hawajajaribu tena dakika 96.

Kwa anayetaka kuanza, usianze na diski ya kwanza. Weka ya pili, usiku, bila simu, na usiruke "Overture" hata kama unadhani haina kitu, maana kila melodi utakayoisikia baadaye imepita hapo kwanza. Mwishoni kuna sauti moja ya kinanda inayovutwa muda mrefu sana mpaka unadhani mashine imekwama. Haijakwama, iache. Sauti hiyo hiyo ndiyo inayofungua albamu yao iliyofuata ya mwaka 2003. Kama huna muda wa dakika 42, sikiliza "Goodnight Kiss" peke yake, ingawa utakuwa umenidhulumu.

Na mwenye hoja ya kuitetea "The Astonishing" aje nayo, nitaisoma yote hata ikiwa na vipande 34.